Kumwandaa mwanao kwa kazi yake ya kwanza: kuanzia vyeti hadi mshahara

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa kijana aliyemaliza kidato cha nne, cha sita, VETA au chuo hapa Tanzania, na ambaye hajawahi kuajiriwa: awe anatafuta kazi ya dukani, hotelini, kiwandani au ofisini. Anzeni miezi mitatu kabla ya kutuma ombi la kwanza. Miezi mitatu inaonekana mingi, lakini kosa la herufi moja kwenye jina linaweza kuimaliza yote.

Hatua ya 1: Majina yafanane kila mahali

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama, na hapa ndipo msaada wa mzazi unahitajika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu makosa mengi yalifanyika mtoto akiwa mdogo. Wewe ndiye unayekumbuka nani aliandikisha nini.

Wekeni mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA (baraza la mitihani), cheti cha chuo na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Someni jina herufi kwa herufi. Tafuteni tofauti hizi: Mohamed na Mohammed, Saidi na Said, jina la babu lililoandikwa kwenye karatasi moja na kuachwa kwenye nyingine, majina mawili yaliyobadilishana nafasi, jina la ubatizo lililoongezwa baadaye. Kisha angalieni tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa la tarehe linaonekana papo hapo.

Mkikuta tofauti, amueni kwanza jina la kudumu ni lipi. Ushauri wetu ni kufuata jina la cheti cha NECTA, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote kubadilisha, na mengine yavutwe yalifuate. Tofauti ya tahajia au mpangilio wa majina kwa kawaida humalizwa kwa hati ya kiapo inayoandaliwa na wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa, itahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kosa likiwa upande wa NIDA, kijana aende mwenyewe ofisi ya NIDA ya wilaya akiwa na cheti cha kuzaliwa. Msisubiri mwajiri aligundue: benki na TRA (mamlaka ya mapato) huchukua taarifa zao kutoka NIDA, na siku ya kusaini mkataba si siku ya kuanza kutafuta wakili.

Fuateni mpangilio huu, maana kila karatasi inaegemea ile iliyotangulia:

1. Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
2. Namba ya NIDA, kuanzia anapotimiza miaka 18. Akishapata namba, asisubiri kadi ndipo aendelee.
3. Laini ya simu kwa jina lake. Vijana wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mama au kaka. Apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwajiri akilipa kwa simu na jina linalotokea ni la mtu mwingine, malipo yanasimama.
4. TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya TRA. Haina malipo, na huombwa mtandaoni kwa namba ya NIDA. Achague ile isiyo ya biashara. Anayechagua ya biashara kwa kutojua hujikuta anadaiwa makadirio ya kodi ya biashara asiyokuwa nayo.
5. Akaunti ya benki.

Namba ya uanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ataipata akishaajiriwa, kupitia kwa mwajiri.

Vyeti halisi vikae nyumbani kwenye jalada gumu, pasipo na unyevu wala panya. Toeni nakala, zithibitishwe kwa muhuri wa wakili, seti tano zinatosha kuanzia, na kila cheti kipigwe skani kiwe PDF safi na kutunzwa kwenye barua pepe yake. Mwajiri anaweza kuviona vyeti halisi na kubaki na nakala. Vyenyewe virudi nyumbani siku hiyohiyo, kwa sababu cheti kikipotelea kwenye kabati la ofisi ya mtu, kazi ya kukipata tena ni ndefu na ya gharama.

Anayelenga serikalini ajue kwamba maombi yanapita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kwamba hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti. Kama amemaliza chuo na bado ana karatasi ya matokeo tu, afuatilie cheti chenyewe sasa.

Hatua ya 2: Wasifu na barua, kwa mkono wake

Mzazi anayemwandikia mwanae barua ya maombi anamharibia. Msaili husoma barua nzuri, kisha anamuuliza mwombaji maana ya sentensi yake ya pili, na mwombaji anatazama dari. Kazi yako ni kusoma alichoandika na kuuliza swali moja kwa kila mstari: "Hili unaweza kulieleza kwa dakika mbili?" Asipoweza, mstari utoke.

Wasifu wa mtu asiye na uzoefu usizidi kurasa mbili. Vijana hudhani hawana cha kuandika, lakini ukikaa nao utakikuta. Amekaa kwenye genge la familia kila likizo? Basi ameuza, ametunza daftari la mauzo, amefunga hesabu za siku. Andikeni kwa namna inayoweza kuhakikiwa: "Kuhudumia duka la familia wakati wa likizo, 2022 hadi 2024: kupokea bidhaa, kuuza, kuandika mauzo na matumizi ya kila siku." Mafunzo kwa vitendo yaandikwe kwa kazi alizofanya, maana jina la ofisi peke yake halisemi kitu. Kuwa mweka hazina wa kwaya au wa kikundi cha msikitini ni uzoefu wa kutunza fedha za watu, na mwajiri wa dukani anaujua uzito wake.

Watahitajika wadhamini watatu wa kuandikwa kwenye wasifu: mwalimu, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, kiongozi wa dini au mtu anayeheshimika aliyewahi kumpa kazi. Wewe mzazi usiwemo. Kila mmoja aombwe ruhusa kwanza, maana mdhamini anayepigiwa simu ghafla na kusema "huyo simkumbuki vizuri" ni bora asingeandikwa.

Barua pepe iwe ya jina lake kamili. Ile aliyofungua akiwa kidato cha pili yenye jina la utani abaki nayo kwa marafiki.

Hatua ya 3: Mazoezi ya usaili

Tengeni nusu saa, mara nne au tano, ndani ya wiki mbili. Msaili asiwe wewe. Mtafute jirani mwenye kazi, shangazi au mjomba ambaye kijana hana mazoea naye, wakae meza moja, kijana akiwa amevaa nguo atakazovaa siku yenyewe.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni macho na sauti. Tumewalea watoto wetu wainamishe uso wanapozungumza na wakubwa, na ni adabu njema, ila kwenye chumba cha usaili inasomeka kama kuficha jambo. Mweleze wazi kwamba kumtazama msaili usoni hakumvunjii heshima. Heshima ataionyesha kwa njia nyingine: kubisha hodi, kumwamkia shikamoo aliyemzidi umri sana, kusalimia jopo zima kwa "habari za asubuhi", kusubiri aambiwe kaa, kusema asante anapotoka. Simu izimwe kabla hajaingia getini. Mlinzi na mtu wa mapokezi wasalimiwe vizuri vilevile, wasaili huwauliza.

Maswali ya kuzoea ni machache. "Jitambulishe" ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu wanaanza na kijiji walichozaliwa na idadi ya ndugu. Ajizoeze dakika moja: jina, alichosomea, alichowahi kufanya kinachofanana na kazi hii, kwa nini ameiomba. "Kwa nini tukuchukue wewe?" lijibiwe kwa mfano mmoja wa kweli. "Udhaifu wako ni nini?" lijibiwe kwa jambo dogo la kweli na anachofanya kulirekebisha, jibu la "sina udhaifu" linamwangusha. "Unataka mshahara kiasi gani?" linahitaji utafiti kabla: aulize watu wawili watatu wanaofanya kazi kama hiyo, aende na kiwango cha chini na cha juu. Kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi kimepangwa kwa amri ya serikali na hutofautiana kwa sekta, kwa hiyo kiasi cha mtaani kikilinganishwa nacho ni vizuri.

Mwishoni ataulizwa kama ana swali. Awe nalo: kazi ya siku ya kwanza itakuwa ipi, atawajibika kwa nani, muda wa majaribio ni miezi mingapi.

Ofisi nyingi huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Rudieni mazoezi kwa Kiingereza angalau mara mbili. Akikwama, aombe kwa utulivu arudie sentensi. Kunyamaza kunamgharimu zaidi kuliko kosa la sarufi.

Siku yenyewe mzazi asiingie ndani. Unaweza kumsindikiza hadi kituoni. Kijana anayeletwa ofisini na mama yake huonekana bado hajawa tayari, hata kama ndiye bora kati ya wote.

Hatua ya 4: Kutafuta bila kutapeliwa

Ajisajili TaESA, kitengo cha huduma za ajira. Ni huduma ya serikali, na hapo huunganishwa pia na nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu. Ajira za umma ni kwenye Ajira Portal. Kazi za viwandani, hotelini na madukani bado hupatikana sana kwa kupeleka barua mkononi na kwa kujuana.

Kuhusu kujuana: mtandao wako wa mzazi utumike kupata taarifa. Mwambie ndugu au rafiki, "Mwanangu amesomea umeme VETA, naomba akupigie akuulize kiwandani kwenu wanaajiri vipi." Kisha kijana apige mwenyewe. Ukiomba kazi moja kwa moja kwa niaba yake, yule rafiki atamchukua kwa haya, na akivurunda mtapoteza kazi na rafiki pamoja.

Dalili za utapeli zinajirudia. Kutakiwa kulipia fomu, semina, kitambulisho au vipimo kabla ya kazi. Tangazo lisilotaja jina la kampuni. Mkusanyiko wa vijana ukumbini wanaoambiwa watalipwa kwa kuleta vijana wenzao. Wakala anayeahidi kazi za ndani Uarabuni na kutaka pasipoti abaki nayo. Kanuni ni rahisi: anayetoa kazi ndiye anayelipa. Pesa ikianza kutoka kwa mwanao, mrudi nyuma.

Kwa mabinti hasa, na kwa vijana wa kiume pia, zungumzeni waziwazi kuhusu rushwa ya ngono kabla ya usaili wa kwanza. Ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usaili unaofanyika gesti, baa au baada ya saa za kazi asiuhudhurie. Atunze ujumbe wote wa simu, na TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Lililo kubwa zaidi ni ajue kwamba akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu hiyo, hakuna atakayemlaumu. Mwambieni kwa maneno. Asiachiwe kukisia.

Hatua ya 5: Mkataba na udhamini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Someni pamoja kabla hajasaini, na mtafute haya: aina ya mkataba na muda wake, maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyolipwa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kuacha au kuachishwa kazi ni siku 28, isipokuwa ndani ya mwezi wa kwanza, ambapo ni siku 7.

Aombe nakala. Akisaini bila kubaki na nakala, apige picha kila ukurasa.

Kuna udhamini wa aina ya pili, na huu usichanganywe na ule wa kwenye wasifu. Kazi zinazogusa fedha au mali, kama kaunta, stoo, uwakala wa fedha na udereva, mara nyingi hudai wadhamini wawili wenye barua ya serikali ya mtaa na picha. Hapo mdhamini anaweza kuwa anakubali kulipa hasara itakayotokea. Kabla hujasaini, soma kama kuna kiwango cha juu cha pesa, udhamini unaisha lini, na hasara inathibitishwaje. Karatasi isiyotaja kiwango iandikwe kiwango kwanza. Usimtafutie mwanao mdhamini kwa kumwambia "ni saini tu."

Hatua ya 6: Wiki mbili kabla ya kuanza

Safari ijaribiwe siku ya kazi, kwa saa ileile. Kama anatakiwa awe kazini saa mbili kamili, afanye safari Jumatatu akilenga kufika saa moja na nusu, apime muda wa kusubiri daladala pamoja na muda wa njiani. Safari ya Jumapili itamdanganya. Wakati wa masika aongeze dakika 40 nyingine, na awe na njia ya pili kichwani.

Nguo: mashati matatu, suruali au sketi mbili, jozi moja ya viatu vyeusi vya kufunika vidole. Zote zinapatikana mitumbani, kisha fundi cherehani azipunguze zimkae sawa, maana nguo kubwa kuliko mwili ndiyo inayomfanya mtu aonekane mgeni. Afue na kupiga pasi mwenyewe kuanzia wiki hizi, na aamke mwenyewe kwa kengele ya simu. Mama akiendelea kumwamsha hadi siku ya kazi, siku mama akisafiri kazi imeingia matatani.

Kisha pesa ya mwezi wa kwanza. Jambo hili husahaulika kwenye nyumba nyingi. Atafanya kazi karibu siku 30 kabla ya kulipwa, na akianza katikati ya mwezi anaweza kukuta orodha ya mishahara imeshafungwa. Piga hesabu kwa mfano wa siku 26: nauli 600 mara nne kwa siku ni 2,400, chakula cha mchana 2,500. Jumla ni 4,900 kwa siku, yaani shilingi 127,400 kwa mwezi. Mtengee kiasi hicho kama mkopo, mkiandika. Asipokuwa nacho ataanza kukopa kwa wenzake wiki ya pili, na hilo huharibu jina lake upesi kuliko kuchelewa.

Hatua ya 7: Siku thelathini za mwanzo

Awe na daftari dogo mfukoni, aandike kila anachoelekezwa, asiulize jambo moja mara tatu. Akikosea, aseme mwenyewe kabla hajagunduliwa. Akiumwa, apige simu kwa msimamizi kabla ya saa ya kuingia. Apige yeye. Mzazi apige tu kama kijana hawezi kuongea.

Anayeshika fedha afundishwe jambo moja hadi liwe tabia: hazipokelewi wala kukabidhiwa bila kuhesabiwa na watu wote wawili. Anapoingia zamu ahesabu chenji mbele ya anayetoka, waandike kiasi, wasaini. Mchana asimwachie mwenzake droo "dakika mbili tu." Shoti (upungufu wa pesa) nyingi za wafanyakazi wapya huzaliwa kwenye dakika mbili hizo. Ikitokea shoti, aieleze kwa maandishi. Kisheria mwajiri hawezi kuikata kimyakimya: mfanyakazi lazima apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara.

Jioni msimhoji kama polisi. Muulize amejifunza nini leo, msikilize. Akilalamika kuhusu bosi, subiri siku mbili kabla ya kutoa ushauri. Malalamiko mengi ya wiki ya kwanza ni uchovu wa miguu.

Hatua ya 8: Mshahara wa kwanza

Kaeni na karatasi ya mshahara kabla pesa haijaguswa. Tuseme mkataba unasema 400,000. NSSF anakatwa 10%, yaani 40,000, na mwajiri anaongeza sehemu yake ili mchango ufike 20%. Inayobaki kwa kodi ni 360,000. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi, na 90,000 zinazozidi zinatozwa 8%, sawa na 7,200. Mkononi anapata 352,800. Kijana aliyekuwa anawaza laki nne kamili asipoelezwa hili mapema atadhani ameibiwa. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) atakatwa pia 15% ya mshahara wa msingi.

Toa nauli na chakula, 127,400: zinabaki 225,400. Mgawanyo wa mfano: 50,000 mchango wa nyumbani, 42,500 kurudisha mkopo wa mwezi wa kwanza kwa miezi mitatu, 60,000 akiba inayohamishwa siku ileile ya mshahara. Zinabaki 72,900 za kwake.

Kiasi cha nyumbani kipangwe kabla, na kikipangwa mkiheshimu. Yapo majukumu ya kweli ya familia, na kijana anapaswa kuyabeba. Lakini ombi la ada leo, msiba kesho na deni la jirani keshokutwa, yote kwake kwa sababu "sasa una kazi", humfanya afiche mshahara au akope. Ndugu wakileta maombi, wapitie kwako kwa miezi sita ya mwanzo.

Mwezi wa tatu aulizie NSSF, ofisini au kwa huduma yao ya mtandaoni, kama michango ya miezi iliyopita imeingia. Kama anakatwa na haionekani, aanze kwa kumuuliza mwajiri kwa maandishi, akiwa na karatasi zake za mshahara, kisha aipeleke taarifa NSSF wenyewe. Mgogoro wa kazi ukishindikana ofisini unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa madai mengine.